Ngoro za Umatengo na Viumbe wa Udongoni

Kusini ya Tanzania, kati ya mji wa Songea na pwani ya mashariki ya Ziwa Nyasa, ipo nchi ya milima iitwayo Umatengo, ambayo kwa mipaka ya serikali ya leo imo katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Mitelemko ya milima hiyo ni mikali hata mgeni aitazamapo mara ya kwanza hudhani kwamba hapana jembe litakaloweza kuishika wala mvua itakayoiacha salama. Walakini mitelemko hiyo hiyo imelimwa kizazi baada ya kizazi, kwa muda uzidio miaka mia, ikatoa maharage na mahindi ya kulisha watu wengi, na udongo wake haukukimbilia mabondeni kama ulivyokimbia udongo wa nchi nyingine zilizo tambarare kuliko hiyo. Asili ya salama hiyo ni ustadi wa kilimo uitwao ngoro, ambao umewashangaza maafisa, wamisionari na wanazuoni kwa zamu zao. Nia ya makala hii ni kusimulia tarikh ya ustadi huo, na kudhihirisha jambo moja ambalo wengi walioisifu ngoro wamelipita upesi: kwamba shimo, ambalo ndilo lionekanalo kwa macho, ni nusu tu ya hikima yake, na nusu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni nyasi zilizofukiwa chini ya tuta, ambazo ni riziki ya viumbe wasiohesabika wakaao udongoni.

Mwanzo wa ngoro haukuandikwa kwa wino, kwa maana ustadi huu ulizaliwa katika zama ambazo habari za nchi hiyo zilihifadhiwa vifuani mwa wazee. Masimulizi yaliyo mashuhuri huuambatanisha na kuja kwa Wangoni. Mwaka 1835 Zwangendaba na watu wake, waliokuwa wamezikimbia vita za kusini ya Afrika, waliuvuka mto Zambezi wakaelekea kaskazini. Na baada ya kufa kwake katika nchi ya Ufipa, jamaa zake wakatengana, na baadhi yao, katikati ya karne ya kumi na tisa, wakaishia katika nchi ya Songea, ambako walisimamisha dola za Njelu na Mshope. Jirani zao wakaonja ukali wa mikuki na ngao, na Wamatengo, ambao hawakuwa na majeshi ya kulinganishwa na hayo, wakapanda milimani na kusongamana katika mahali palipokuwa na mapango ya kujificha na miinuko ya kumwona adui akingali mbali. Usalama ukapatikana huko, lakini ardhi haikupatikana kwa wasaa. Ukulima wa kukata msitu, kuuchoma moto, kulima majivu miaka michache na kuhamia mahali pengine, ambao ndio desturi ya nchi nyingi za miombo, hutaka ardhi pana na watu wachache. Na huko milimani watu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa chache, tena imesimama. Ikiwa watu hawa walikuja na ustadi wa ngoro mkononi, au waliubuni kwa kushurutishwa na dhiki, lililo dhahiri ni kwamba dhiki hiyo ndiyo iliyoukamilisha na kuufanya kuwa ada ya taifa zima.

Namna ya kuitengeneza ngoro ni hii. Mvua zinapoelekea ukingoni, aghalabu katika mwezi wa Machi, shamba lililopumzishwa huwa limefunikwa na nyasi ndefu na magugu. Wanaume huingia na nyengo wakafyeka nyasi zote, nao hawazichomi wala hawazitupi nje ya shamba, bali huziacha zinyauke siku kadhaa, na kisha huzilaza kwa mistari: mingine ikielekea juu na chini ya mlima, na mingine ikiukata mtelemko kwa ubavu, hata shamba likawa limegawanyika miraba miraba, kila mraba ukiwa na upana wa hatua mbili hivi. Baada ya hapo huja kazi ya wanawake, ambayo ni nzito kuliko ya kwanza: kwa jembe la mkono huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa pande zote nne juu ya mistari ya nyasi, mpaka nyasi zikafichika, mistari ikawa matuta, na katikati pakabaki shimo. Juu ya matuta hayo mapya hutiwa mbegu za maharage, na shamba likitazamwa kutoka mlima wa pili huonekana kama sega la nyuki lililotandazwa juu ya mtelemko.

Maharage huvunwa katika kiangazi. Mvua zinaporudi, mwezi wa Novemba au Desemba, matuta yale yale hupandwa mahindi, na magugu yang'olewayo wakati wa palizi hutupwa mashimoni ili yaoze humo. Baada ya kuvunwa mahindi shamba hupumzishwa, nyasi zikaota tena, na katika mwezi wa Machi ufuatao kazi huanza upya. Lakini mkulima hujihadhari asiyarudie mashimo ya zamani, bali hupanga mistari yake mipya kwa namna ambayo pale palipokuwa na shimo, palipokusanya magugu yaliyooza na tope lililochukuliwa na maji, ndipo papate kuwa tuta, na palipokuwa na tuta ndipo pachimbwe. Kwa hiyo katika mzunguko wa miaka miwili miwili kila upande wa shamba hupata kuchimbwa, kulishwa na kupumzika, na hapana sehemu ya ardhi iachwayo ikachoka peke yake.

Faida ya shimo ni rahisi kufahamika. Mvua inyeshapo juu ya mtelemko ulio wazi, maji hujikusanya, huongeza mwendo kadiri yashukavyo, na huchukua udongo mwepesi wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Katika shamba la ngoro maji hayapati nafasi ya kukimbia, kwa kuwa kila tone huangukia ndani ya mraba uliofungwa pande nne. Yakizidi hufurika polepole kutoka shimo la juu kuingia la chini, na kila yanapotua huacha tope lake. Hayo yote mtu aweza kuyaona kwa macho akisimama kando ya shamba siku ya mvua kubwa. Lakini shimo peke yake lingeweza kuizuia ardhi isiondoke, lisiweze kuizuia isife. Maana ardhi ilimwayo mfululizo pasipo kurudishiwa kitu hudhoofika pale pale ilipo, bila ya kuchukuliwa na maji. Kuijibu hoja hii hatuna budi kushuka chini ya tuta.

Nyasi zilizofukiwa hazikai muda mrefu pasipo wageni. Mchwa na jongoo huzikatakata. Nyungunyungu huvuta vipande na kuvila pamoja na udongo, kisha huutoa ukiwa umelainika na umechanganyika. Kuvu hupenyeza nyuzi zao nyembamba ndani ya mashina magumu ambayo viumbe wengi hawayawezi. Na bakteria, ambao katika gramu moja tu ya udongo mzuri huweza kuhesabiwa kwa mamia ya mamilioni, huyamaliza yaliyosalia. Kila mmoja hula kwa ajili ya nafsi yake, asiwe na habari ya mkulima. Lakini katika kula kwao madini yaliyokuwa yamefungwa ndani ya majani hufunguliwa yakawa chakula cha mimea, na mabaki yasiyooza upesi hugeuka kuwa mboji nyeusi. Fauka ya hayo, utelezi utolewao na bakteria na nyuzi za kuvu hushikamanisha chembe za udongo zikawa mabonge madogo yasiyovunjwa upesi na matone ya mvua, na njia za nyungunyungu na mchwa huwa milango ya kupitisha maji na hewa. Ndiyo kusema kwamba hata kazi ya kuzuia mmomonyoko, ambayo watu huihesabu kuwa ni ya shimo, kwa sehemu kubwa hutendwa na viumbe hawa, kwa kuwa tuta lenye uhai hunywa maji, na tuta lililokufa huyamwaga.

Yafaa msomaji autazame pia utaratibu wa kupanda, maana ndani yake mna siri iliyo nzuri. Nyasi zilizokomaa zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na viumbe wa udongoni wanapozishambulia huhitaji naitrojeni kwa ajili ya miili yao, wakaichukua iliyomo udongoni; kwa sababu hiyo mahindi yakipandwa mara tu baada ya kufukiwa nyasi hugeuka manjano na kudumaa, kwa kushindania chakula na wale wenye mamilioni ya vinywa. Wamatengo hawapandi mahindi wakati huo. Hupanda maharage, ambayo ni ya jamii ya kunde, na mizizi yake ina vifundo ambamo bakteria wa aina ya pekee huikamata naitrojeni ya hewani na kuigawia mimea. Maharage basi hayaathiriki sana na ushindani huo. Miezi minane au tisa ikipita, nyasi zimekwisha kuliwa, viumbe waliozila wengi wao wamekufa, na naitrojeni waliyoizuia imerudishwa udongoni. Hapo ndipo mahindi, yenye ulafi mkubwa kuliko maharage, yanapopandwa na kuikuta karamu imeandaliwa. Jambo hili la vifundo vya kunde halikubainishwa na wanazuoni wa Ulaya mpaka Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walipolithibitisha kwa majaribio katika miaka ya 1886 hadi 1888, na mwaka huo wa 1888 Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Simaanishi kwamba bibi wa Kimatengo aliwajua bakteria. Namaanisha kwamba alizijua athari za kazi yao, akaipanga kazi yake kwa kuzifuata, na hilo ni elimu.

Kadhalika kwa habari ya nyungunyungu. Kwa muda mrefu watu wa Ulaya walimhesabu kuwa ni mdudu wa kudharauliwa, wengine wakamdhania kuwa ni adui wa bustani, mpaka Charles Darwin, aliyeanza kusema juu yake mbele ya wanajiolojia wa London mwaka 1837, alipochapisha mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa kwake, kitabu kizima juu ya kazi za mnyama huyo. Katika majaribio yake alimwaga vipande vya chokaa juu ya konde moja karibu na nyumba yake mwishoni mwa mwaka 1842, na alipochimba mwaka 1871 aliikuta chokaa ile imezama inchi saba chini ya uso wa ardhi, kwa sababu nyungunyungu walikuwa wakiutoa udongo wa chini na kuumwaga juu kwa muda wa miaka 29. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza udongo uzidio tani kumi katika kila ekari hupita matumboni mwao kila mwaka. Watu wengi walikisoma kitabu hicho kwa furaha, lakini taaluma ya kilimo ya zama zile ilikuwa imekwisha kuvutwa na kemia, na kwa miaka mingi iliyofuata udongo ulitazamwa kuwa ni ghala la chumvi za madini, wala si makao ya viumbe hai.

Kwa fikira hizo ndipo serikali ya Kiingereza ilipoitawala Tanganyika. Katika miaka ya 1930, vumbi la mashamba yaliyoharibika ya Marekani lilipotangaa katika magazeti ya ulimwengu, hofu ya mmomonyoko wa udongo iliwaingia maafisa wa makoloni yote, nao wakaanza kutafuta dawa. Baadhi yao walikuwa na insafu ya kutazama yaliyokuwako. Mwaka 1938 afisa mmoja, A. H. Pike, alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala juu ya namna Wamatengo wanavyouhifadhi udongo wao, na tangu hapo jina la Umatengo likawa mashuhuri katika vitabu vya kilimo cha Afrika. Ngoro hata hivyo haikuwa ya pekee: Wafipa walikuwa na vilima vyao vya udongo vinavyofunika nyasi, na Wakara wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, walikuwa wakiulisha udongo wao kwa samadi na kwa mimea iliyopandwa ili ifukiwe tu. Ustadi huu mbalimbali, ambao watu wake hawakufundishana, uliikutia kanuni moja: udongo hulishwa.

Walakini sifa zilizotolewa kwa ngoro zililiangukia shimo kuliko nyasi, na kwa kuwa fikira ilikuwa juu ya kuzuia maji, dawa zilizopelekwa kwingineko zilikuwa za kuzuia maji. Mfano mchungu ni wa milima ya Uluguru. Huko, katika miaka ya 1950, serikali iliwashurutisha Waluguru wachonge mitelemko yao kuwa matuta ya ngazi. Udongo wa juu wa milima ile ni haba, na uchongaji wa ngazi uliufukia chini ule wenye uhai na kuufunua ule wa chini, ulio mwekundu, mgumu na usio na rutuba. Watu wakaona wanafanya kazi ya kujinyima chakula. Mwezi wa Julai 1955 manung'uniko yakageuka ghasia huko Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ule ukaachwa. Ngazi zilizuia maji kama ngoro zinavyoyazuia, lakini hazikuwa na kitu tumboni.

Mfano wa pili, ulio mkubwa zaidi kwa kiasi, ni ule mradi wa karanga uliobuniwa mwaka 1946 na kuanzishwa mwaka uliofuata huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ambao ulikusudia kuyalima mapori ya ekari zaidi ya milioni tatu kwa nguvu za matinga. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi: mvua zisizotegemeka, vyuma vilivyochakaa, haraka ya watawala, lakini mojawapo ilikuwa kwamba ardhi ya Kongwa, ikisha kuvuliwa miti na majani yake na kukanyagwa na mashine, ilikauka katika kiangazi ikawa ngumu hata majembe ya chuma yakashindwa kuzichimbua karanga. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, ukiwa umemeza karibu pauni milioni 36 za fedha za Uingereza. Katika miaka hiyo hiyo mama wa Umatengo, kwa jembe la mkono lisilo na thamani mbele ya mhandisi, alikuwa akivuna.

Isidhaniwe kwamba Umatengo ilisimama mahali pamoja. Wamisionari wa Kibenediktini walifika Kigonsera mwaka 1899. Katika miaka ya 1920 kahawa ikaanza kupandwa milimani. Na katika miaka ya 1930 kikaundwa Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichowauzia watu mazao yao. Kahawa ilileta fedha, shule na mabati, nayo pia iligeuza mizani ya kazi: wanaume wakaelekeza nguvu zao katika mibuni, na mzigo wa ngoro ukazidi kuwaelemea wanawake. Watu waliongezeka, muda wa kupumzisha mashamba ukafupika, na baadhi ya jamaa wakateremka kwenda kufungua mashamba mapya nchi za chini, ambako moto ndio uliotumika badala ya nyengo. Mbolea za viwandani zilizokuja kwa ajili ya kahawa ziliingia hata katika mahindi. Na serikali ilipoacha kuzifidia, bei yake ikapanda, wengi wakajikuta hawana mbolea ya dukani, na nyasi za kufukia nazo zimepungua.

Katika miaka ya 1990 wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Umatengo kuichunguza ngoro kwa vipimo vya kisasa, si kwa kuisahihisha bali kwa kujifunza. Kazi yao ilikuwa na heshima ambayo maafisa wa zamani wengi hawakuwa nayo, kwa kuwa waliitazama ngoro pamoja na watu wake, mito yake, misitu yake na mizunguko yake ya mwaka. Na taaluma ya udongo nayo, katika nchi zote, imerudi mahali ilipopaacha katika zama za Darwin: leo hapana mwanafunzi wa kilimo asiyefundishwa kwamba rutuba haimo katika madini peke yake, bali imo katika mwendo wa viumbe wanaokula, wanaozaa na wanaokufa ndani ya udongo.

Hukumu itokanayo na tarikh hii ni nyepesi kusemwa. Ngoro haikushindwa na mtelemko, wala na mvua, wala na wingi wa watu wa zama za Wangoni. Itashindwa siku ile nyasi zitakapokosekana, kwa kuwa mashimo yanaweza kuchimbwa na mtu yeyote aliye na jembe, lakini tuta lisilo na kitu ndani yake ni rundo la udongo tu. Basi wewe mkulima, ukiwa Mbinga, au Lushoto, au Kakamega, au popote palipo na kilima na mvua, kabla hujawasha kiberiti katika majani yaliyofyekwa ya shamba lako, wakumbuke walao chini ya nyayo zako: majani hayo ni yao kwanza, kisha ni yako, na ukiyachoma umewanyima wao leo na umejinyima mwenyewe mwakani. Yafukie.